Jicho la Kamera na Sauti ya Mfasiri: Filamu Zilizotafsiriwa katika Vibanda vya Nachingwea na Ruangwa

Uhakiki wa filamu katika idara za Kiswahili bado unafuata desturi ya uhakiki wa tamthilia: mhakiki hunukuu mazungumzo, hubaini dhamira, huchambua wahusika, kisha hufunga kazi. Kamera husahaulika. Upungufu huu hujitokeza zaidi katika filamu za kigeni zilizoingizwa sauti ya mfasiri wa Kiswahili, zile zinazotazamwa katika vibandaumiza vya miji kama Nachingwea na Ruangwa, ambako mtazamaji anaweza kuwa na Kiswahili pamoja na Kimwera, Kimakonde au Kiyao, asiwe na Kiingereza cha Hollywood.

Dhana kwamba mtazamaji wa namna hiyo hawezi kuisoma kamera ina historia. William Sellers, aliyeongoza kitengo cha filamu za makoloni kilichoundwa na Uingereza mwaka 1939, alishikilia kwamba Mwafrika wa kijijini aonyeshwe picha zinazokwenda taratibu, zisizo na mikato ya haraka wala mizunguko ya kamera. Kilichorudiwa mno kuliko kuthibitishwa ni kile kisa cha wanakijiji walioonyeshwa mdudu kwa picha ya karibu, wakajibu kwamba kwao hakuna wadudu wakubwa kiasi hicho. Jibu hilo lilichukuliwa kuwa ujinga; uwezekano wa kuwa kejeli haukufikiriwa. Kabla ya hapo, mradi wa filamu za elimu wa Notcutt na Latham, uliokuwa na makao Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, ulikwishaunganisha picha na maelezo ya lugha za Kiafrika. Sauti iliwekwa pembeni mwa picha ili ifundishe.

Mfasiri wa kibandani hakai pembeni. Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyeipa sanaa hii umaarufu Tanzania, alikuwa fanani kwa maana kamili ya fasihi simulizi: aliigiza sauti, alidokeza yajayo, alitania. Matthias Krings, aliyeichunguza sanaa hiyo, ameinadi kwa sitiari ya kuugeuza wali kuwa pilau. Sitiari ni tamu, lakini inaufanya wali uonekane hauna ladha yake. Picha inayomfikia mfasiri imekwisha kusimulia.

Mfano mmoja unatosha. Katika Titanic (1997) ya James Cameron, Jack anapomchora Rose, kamera hukaribia mpaka jicho la msichana likatawala skrini. Kisha jicho lilelile huzeeka, na picha inaporudi nyuma anaonekana ajuza. Miaka 84 imepita bila tarehe kuandikwa. Hapo mfasiri ana njia mbili. Akisema mapema kwamba huyu sasa ni bibi, anamnyang'anya mtazamaji ugunduzi alioandaliwa na kamera. Akinyamaza, ukimya wake unakuwa tafsiri. Mhakiki anayefanyia kazi manukuu ya maneno peke yake hataiona hata moja kati ya njia hizo, kwa kuwa ukimya haunukuliwi.

Inafaa pia kutofautisha aina za picha. Picha ya mbali humwachia mfasiri nafasi pana: anaweza kutaja mji, kuulinganisha na bandari ya Mtwara au Lindi, hata kuwapa majina wapita njia. Picha ya karibu humbana. Uso ukijaza skrini, neno lolote linashindana na machozi yanayoonekana, na mara nyingi linashindwa. Kwa hiyo ukubwa wa picha ni kigezo cha kimtindo katika usimulizi huu, sawa na mizani katika shairi la kimapokeo, na unapaswa kuandikwa katika safu yake kandokando ya maneno, pamoja na muda wa kila mkato.

Hadhira nayo iingie katika safu hiyo. Kicheko, mguno au ukimya wa waliokaa kwenye mabenchi ya Ruangwa ukitokea kabla mfasiri hajatamka, basi kilichosomwa ni picha. Sellers hakuacha nafasi ya ushahidi wa aina hiyo, na uhakiki unaochambua mazungumzo pekee haujaiacha pia.