Tundu la Kuku: Umaskini na Rushwa katika Riwaya ya Aravind Adiga

Riwaya ya Aravind Adiga iitwayo The White Tiger ilipigwa chapa mwaka 2008, na mwaka huo huo ikatunzwa tuzo ya Booker. Msimulizi wake ni Balram Halwai, mwana wa mvuta riksho wa kijiji cha Laxmangarh, katika Bara Hindi. Kwa barua azielekezazo kwa Wen Jiabao, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uchina wakati huo, aeleza jinsi alivyotoka katika udereva hata akawa tajiri wa Bangalore. Njia yenyewe haifichi: alimwua bwana wake, Ashok, akatwaa mkoba wa fedha zilizokusudiwa kuwa rushwa.

Ubora wa kwanza wa kitabu hiki ni kwamba umaskini hauhubiriwi, bali waonekana katika mambo yenyewe. Baba wa Balram afa kwa kifua kikuu katika hospitali ya serikali isiyo na daktari, maana cheo cha mganga kimekwisha kununuliwa. Mwalimu wa shule aiba fedha za chakula cha watoto; lakini yeye naye hajalipwa mshahara wake, na wanakijiji hawamlaumu. Hivyo rushwa si uovu wa mtu mmoja. Ni mnyororo, na kila pete yake yashikwa na nyingine.

Mfano mkuu ni tundu la kuku wa sokoni Delhi. Kuku waona wenzao wakichinjwa, wala hawajaribu kutoka. Kifungio cha tundu hilo ni jamaa: mtumishi akimwasi bwana wake, walio kijijini ndio watakaolipa. Mke wa Ashok anapomgonga mtoto kwa motokaa usiku, Balram atakiwa kutia sahihi kwamba yeye ndiye aliyeendesha, na bibi yake, Kusum, atajwa kuwa shahidi. Hapana mahali pengine ambapo daraja za watu zimeonyeshwa kwa ukali zaidi.

Lakini pana upungufu. Balram hajui Kiingereza, naye akiri hivyo tangu mwanzo. Hata hivyo asimulia kwa Kiingereza chenye kejeli ya mtu aliyesoma sana. Lugha ya kwao haisikiki. Isipokuwa Kishan, ndugu yake, wanakijiji karibu wote ni vivuli, na Kusum ni tamaa tupu. Yaweza kujibiwa kwamba muuaji hana budi kuwadharau jamaa ambao ajua huenda wameangamizwa kwa ajili yake. Jibu hilo lina nguvu, lakini halitoshi: mtungaji hakuacha ufa wa kutosha ambao kwa huo msomaji angewaona watu hao bila macho ya Balram. Tundu limechorwa vyema. Kuku wamepewa sauti moja.

Mwisho wa hadithi ndio wenye hukumu. Huko Bangalore, dereva wa Balram amgonga na kumwua kijana mpanda baiskeli. Balram awaendea polisi aliokwisha kuwapa fedha, na shauri lafa. Kweli, awaendea wazazi, awapa fedha, na kumpa kazi ndugu wa marehemu. Ashok hakufanya hata hayo. Lakini haki haikupatikana. Mnyonge wa jana ameshika ufunguo, na tundu limebaki limefungwa.