Hidrojeni ya Bomet

Swali la gesi halianzi na fomula. Linaanza na kuuliza: ni kipi hapa hakikubadilika? Mwanafunzi hodari, kabla hajagusa kikokotoo, hupiga mstari katikati ya karatasi. Huku hali ya kwanza, kule hali ya pili. Shinikizo, ujazo, halijoto. Palipo pengo ndipo penye swali. Napenda mno kuitazama kazi hiyo ikifanywa kwa utulivu, kwa sababu ufundi wote umo humo. Kinachobaki ni kuzidisha na kugawanya.

Katika mtaala wa 8-4-4 wa Kenya, kanuni za gesi zilifundishwa kidato cha tatu, kabla ya moli. Robert Boyle alionyesha mwaka 1662 kwamba shinikizo likiongezwa maradufu, ujazo wa gesi hupungua nusu, mradi halijoto isibadilike. Kanuni ya Charles, kwamba ujazo hukua sawia na halijoto ya kelvini shinikizo lisipobadilika, iliyotangazwa na Gay-Lussac mwaka 1802, ndiyo inayowatoa watu jasho, na kosa huwa ni lile lile: Selsiasi. Gesi ikipashwa moto kutoka nyuzi 20 hadi 40, wengi hudhani ujazo wake utakuwa maradufu. Jumlisha 273 kila upande ili upate kelvini, uone. Ni kutoka 293 hadi 313 tu, kwa hiyo ujazo huongezeka kwa takribani asilimia 7.

Sasa njoo Bomet. Mji huu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wa asubuhi unaoyapendeza majani chai huingia hadi maabara. Barometa hapa husoma karibu milimita 600 za zebaki. Mombasa ni 760. Wenye maduka wanaujua ukweli huu hata kama hawajawahi kuisikia barometa, maana pakiti ya krispi iliyofungwa pwani huwafikia ikiwa imetutumka.

Kitabu cha kemia husema moli moja ya gesi huchukua lita 24 katika hali ya chumba. Chumba cha wapi? Kata utepe wa magnesi wenye gramu 0.024 (pima mita nzima kwenye mizani, kisha ugawanye kwa urefu, kwani mizani nyingi za shule haziwezi kupima kitu chepesi hivyo). Utumbukize kwenye asidi ya hidrokloriki na uikinge hidrojeni kwa sirinji ya gesi. Hiyo ni sehemu moja ya elfu ya moli, na kitabu kinakuahidi sentimita 24 za ujazo. Asubuhi ya nyuzi 17, pistoni itasukumwa hadi karibu na 30.

Asiyezijua kanuni za gesi atadhani ameharibu. Atafuta 30 na kuandika 24, ili afanane na kitabu. Hapa ndipo ninapousifu ufundi huu kwa moyo wote: unampa mtoto ujasiri wa kuandika alichokiona kwa macho yake, kisha akakitolea hesabu. Hali ya kwanza: ujazo 30, shinikizo 600, halijoto 290. Hali ya pili: shinikizo 760, halijoto 298, ujazo ndio unaotafutwa. Zidisha 30 kwa 600, gawanya kwa 760. Zidisha kwa 298, gawanya kwa 290. Inatoka 24.3. Sirinji ilisema kweli, na kitabu nacho kilisema kweli, kila kimoja kwa shinikizo lake na joto lake.

Na ile 0.3? Aliyeizoea kazi hataipuuza. Atakumbuka kwamba hidrojeni iliyotoka kwenye asidi yenye maji hubeba mvuke kidogo. Atakumbuka pia kwamba vitabu vimeikata ile 24 ili iwe rahisi kukokotoa. Kwa nyuzi 25 na milimita 760, moli moja hukaribia lita 24.5. Kisha atachukua utepe mwingine, wenye urefu ule ule, aanze upya.