"Sababu" kama Haki na "Sababu" kama Chanzo: Hotuba ya Nyerere ya 1978 na Ufundishaji wa Vita vya Kagera katika Nile Magharibi

Hotuba aliyoitoa Mwalimu Julius Nyerere tarehe 2 Novemba 1978, siku chache baada ya majeshi ya Idi Amin kuvuka mpaka, ni miongoni mwa matini za Kiswahili zinazokumbukwa sana Afrika Mashariki. Uzito wake umesimama juu ya nomino tatu: uwezo, sababu na nia. Kibalagha, utatu huo hauna doa: maneno ni ya kila siku, yamepangwa kwa takriri, na msikilizaji wa Mwanza au Mtwara hakuhitaji mkalimani. Inapotumiwa kufundishia historia, hata hivyo, hotuba hiyo ina mtego, na mtego wenyewe umo katika neno la kati.

"Sababu" katika hotuba ni haki ya kupigana: nchi imevamiwa, na ardhi iliyo kaskazini mwa Mto Kagera imetwaliwa. "Sababu" katika swali la mtihani ni mnyororo wa matukio yaliyozaa vita. Neno ni moja, dhana ni mbili. Mwanafunzi asiyeelekezwa huichukua hoja ya mpiganaji akaiandika kuwa maelezo ya mwanahistoria. Mnyororo huo unaanzia mbali na Kagera: mapinduzi ya Januari 1971, hifadhi aliyopewa Milton Obote nchini Tanzania, shambulio la wafuasi wake la Septemba 1972, mapatano ya Mogadishu ya mwaka huo huo, na maasi ndani ya jeshi la Amin mwaka 1978. Hakuna kiungo kinachohalalisha uvamizi. Lakini viungo hivyo vikiachwa, vita hubaki kuwa wazimu wa mtu mmoja.

Huko Abuku, wilayani Koboko, mkanganyiko huo una gharama. Ukoo wa Amin hunasibishwa na Koboko, na vita vilivyoanzia Kagera viliishia Nile Magharibi mwezi Juni 1979. Maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Juni 1981, raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa. Kilichoitwa ushindi Dar es Salaam na ukombozi Kampala, hapa kilikuja kwa jina la ukimbizi. Kiswahili nacho hakikusimama kando: kilisemwa katika majeshi yote mawili.

Hotuba isiondolewe darasani. Isomwe kama hotuba: nani anasema, anamwambia nani, na ni yapi hakulazimika kuyasema siku ile. Kisha mwalimu atenganishe chanzo, kichocheo na uhalali, maneno ambayo Kiswahili kinayo tayari. Mwanafunzi wa Abuku hana haja ya kumtetea Amin ili bibi yake ahesabiwe miongoni mwa walioumizwa na vita.