Kijiko Kidogo kwa Aliye Karibu

Nyumba ya mjomba pale Tanga ilikuwa na vyumba sita na ukumbi, na kila chumba kilikuwa na tundu la antena ukutani. Ukiwasha TV ya chogo chumba chochote, namba za mwanzo ulikuta stesheni za kawaida. Namba 7 ulikuta deki iliyokaa ukumbini. Namba 8, geti, kama kamera ilivyoliona. Hizo mbili zilikuwa chaneli zetu, mjomba alizitengeneza kwa mikono yake.

Nilizijua tangu zinazaliwa, maana mimi ndiye niliyetumwa chumba cha mwisho kupiga kelele. Ndani ya deki kuna modyuleta, stesheni ndogo kabisa ya TV, inayoichukua picha na kuipandisha kwenye mawimbi ya chaneli fulani. Deki nyingi zilitoka kiwandani zikiwa kwenye chaneli 36 ya UHF, megahezi 591.25. Nyuma yake kuna skrubu ndogo. Mjomba aliigeuza taratibu kwa bisibisi ya plastiki, kwa kuwa ya chuma huyavuruga mawimbi, nami nikasachi: chenga, chenga, kisha mistari miwili minene myeupe ikasimama kwenye weusi. "Imekuja!" Nikaihifadhi kwenye namba 7. Chaneli ya geti akaiweka 39, mbali kidogo, kwa sababu modyuleta za bei nafuu humwagika juu na chini na kuiharibia chaneli jirani.

Mwanzoni deki na antena alizikutanisha kwa spilita ya kawaida aliyoigeuza kinyumenyume. Siku ya pili jirani akaja kuuliza ni stesheni gani mpya inayoonyesha harusi ya Pangani, ingawa picha yake haikuwa safi. Kumbe mawimbi yetu yalikuwa yamepanda kwenye waya hadi darini na kutokea kwenye antena. Mjomba aliona aibu kweli. Jioni ileile alifunga busta kati ya antena na spilita, nayo busta hupitisha upande mmoja tu. Kufungia chaneli zako ndani ya nyumba yako ni sehemu ya adabu ya kazi hii.

Lakini ufundi wenyewe uko kwenye kugawa. Waya hula: RG-6 ya mita 100 humeza desibeli 17 hivi kwenye mawimbi hayo. Spilita ya njia mbili nayo humpa kila mmoja nusu, na kidogo kikapotea humohumo, jumla desibeli 3.5. Fundi wa haraka hufululiza spilita, moja nyuma ya nyingine, kisha anamuuzia mwenye nyumba busta kubwa zaidi. Matokeo yake chumba cha kwanza picha inaungua kwa nguvu, cha mwisho ni chenga tupu.

Mjomba alipitisha waya mmoja mnene kwenye dari, na juu ya kila mlango akafunga kidude cha kuchota. Cha chumba cha kwanza kilichota sehemu moja tu kwa mia. Cha katikati kilichota zaidi, na kilichofuata zaidi tena. Aliye karibu na sufuria alichotewa kwa kijiko kidogo, na bibi, mama yake mjomba, aliyelala chumba cha mwisho kabisa, akapewa chote kilichobaki. Ukipita na TV moja chumba hadi chumba, picha ilikuwa ileile. Sijaona ugawaji wa haki kuliko ule, na nimeshaona mirathi kadhaa.

Kichwa cha waya alinifundisha mwenyewe. Unamenya gamba la nje, unazirudisha nyuma nyuzi zilizosukwa, unakata plastiki nyeupe hadi shaba ya katikati itokeze. Kisha unaishika kwenye mwanga na kuitazama. Uzi mmoja, mwembamba kama unywele, ukiigusa shaba ya kati, nyumba nzima imekwisha. Na tundu lisilo na TV hulifungi kwa gundi, unaliwekea rezista ya ohmu 75, vinginevyo mawimbi yatagonga mwisho wa waya na kurudi, na kingo za nyuso zitaota ukungu. Mwingereza Oliver Heaviside aliandikisha hataza ya waya wa namna hii mwaka 1880, akitaka waya zinazolala pamoja zisisikilizane. Ni lile gamba la nyuzi zilizosukwa linalofanya kazi hiyo hadi leo.

Tarehe 31 Desemba 2012 matangazo ya analojia yalianza kuzimwa Dar es Salaam, na baadaye kwetu pia. Ving'amuzi vikaingia, namba za mwanzo zikawa chenga. Namba 7 na 8 hazikuguswa, maana hazikutoka kwa mtu mwingine.

Bibi wakati huo alikuwa hatembei tena. Kutwa nzima aliiacha TV kwenye namba 8: mchanga, geti la bati, kipande cha mwembe. Mgeni alipofika na kuinua mkono, kabla hajatamka hodi, sauti ilimfikia kutoka dirisha la mwisho: "Karibu mwanangu, pita, geti halina komeo."