Giaboksi ya Otomatiki na Mguu wa Dereva

Imezoeleka miongoni mwa wenye magari ya mtumba yatokayo Japani, ambayo leo ndiyo yaliyojaa katika barabara za Dar es Salaam na Mombasa, kudhani kwamba gari lisilo na pedeli ya klachi limemwondolea dereva kila jukumu la gia, likamwachia usukani, breki na mafuta tu. Na giaboksi inapokufa kabla ya wakati wake, lawama humwendea fundi, au oili, au Wajapani wenyewe, na aghalabu haimfikii aliyekuwa ameshika usukani. Dhana hiyo ni batili. Gari huchagua gia, lakini ni dereva anayeamua gia hizo zitafanya kazi katika joto gani, na joto ndilo adui.

Baina ya injini na giaboksi pana toki-konveta, chombo cha chuma kilichojaa oili, ambamo feni mbili hutazamana: ya kwanza huzungushwa na injini na kuirusha oili, na ya pili huupokea mkupuo huo, ikazunguka na kuipeleka nguvu kwenye gia. Asili yake haikuwa barabarani, bali baharini. Mhandisi wa Kijerumani, Hermann Föttinger, aliipatia hataza mwaka 1905, alipokuwa akitafuta namna ya kuipeleka nguvu ya mtambo wa mvuke uzungukao mbio kwenye rafadha ya meli, itakayo mwendo wa taratibu. Maadamu feni hizo zatofautiana mwendo, sehemu ya nguvu hupotea na kugeuka joto. Na ikiwa ya kwanza yazunguka hali ya pili imesimama, basi nguvu yote ya injini humalizikia katika kuichemsha oili. Na oili hiyo hiyo ndiyo ibanayo sahani za klachi zilizo ndani ya giaboksi, ndiyo ilainishayo meno ya gia, na ndiyo ilichukuayo joto kulipeleka kwenye rejeta. Ikiungua, hakuna kisalimikacho.

Mahali pa kuyaona haya waziwazi ni mlima Kitonga, katika njia ya Morogoro kwenda Iringa, ambako malori yaliyoelemewa hupanda kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, na magari madogo yakajipanga nyuma yake. Dereva anayejua kazi yake, kabla ya kona za kwanza, hukibonyeza kitufe kilicho ubavuni mwa mkono wa gia, taa ya O/D OFF ikawaka, na gia ya nne ikafungwa. Kwani akiliacha gari lijiamulie, litapanda ya nne, lilemewe, lirudi ya tatu, lipate nafuu, lipande tena, na katika kila badiliko hilo sahani za klachi husuguana kabla ya kushikana. Lori likisimama mbele yake, hulishika gari kwa breki. Mwenzake asiyejua hulizuia lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo, akajiona fundi, kumbe feni ya pili imesimama na oili yachemka.

Katika kuteremka, yule wa kwanza hupunguza mwendo kwa breki kungali mapema, akaingiza 2, injini ikalizuia gari na breki zikabaki na ubaridi wake. Wapo watiao N ili, kwa madai yao, waokoe petroli. Na hesabu yao ni mbovu, kwa kuwa injini za siku hizi, gari likiwa katika gia na mguu ukiwa umeondoka kwenye mafuta, hukata petroli kabisa, ilhali katika N hazina budi kunywa ili zisizimike. Fauka ya hayo, kuirudisha D gari likiwa mbioni ni kuzishtua sahani ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Mjini kuna ubishi kama N itiwe kila taa nyekundu. Kwa rai yangu, hapana. Pale injini inapounguruma bila ya kukanyagwa mafuta, joto lizaliwalo ni dogo, na kila kutoka N kwenda D ni mbano mpya wa sahani. Kusimama kukirefuka, kama vile msafara wa wakubwa unaposubiriwa, na sisi wa mjini twaijua subira hiyo, hapo N pamoja na breki ya mkono ni uamuzi mwema. Ama kutia R gari lingali likisonga mbele, hilo halina udhuru: ni kuzitwisha sahani kazi ya breki.

Na P si breki. Ndani yake mna jino dogo la chuma liingialo katika gurudumu la meno, basi. Katika mteremko, kanyaga breki, tia N, vuta breki ya mkono, achia pedeli mpaka gari litulie juu ya breki hiyo, ndipo utie P. Ukisikia kishindo wakati wa kuitoa, ujue usiku kucha jino lile lilikuwa limebeba gari zima.

Gari likiharibika njiani, lisikokotwe magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini: pampu ya oili huzungushwa na injini, na injini ikizima, gia huzunguka kavu. Lile ambalo injini huyaendesha magurudumu yote manne lipakiwe juu ya gari la kubebea.

Imebaki oili. Penye kijiti cha kupimia, katika magari mengi pima injini ikiwa na moto na ikinguruma, mkono wa gia ukiwa katika P, kisha pangusa kwa kitambaa cheupe na uinuse: wekundu ni afya; weusi na harufu ya kuungua ni dalili ya sahani zilizokwisha kulika. Nawe usikubali dukani kuuziwa “oili nyekundu” tu. Toyota moja hutaka T-IV na nyingine WS, na giaboksi ya CVT hutaka yake peke yake; soma kitabu cha gari, au maandishi ya kwenye kijiti chenyewe, kabla hujatoa fedha.