Clang na alama moja ya &

Onyo la -Wbitwise-instead-of-logical, lililoingia na kompaila ya Clang 14 mwaka 2022, limekaa vibaya. Sina ugomvi na kuwepo kwake. Ugomvi wangu ni ile dawa inayoandikwa chini yake.

Chukua mstari huu:

if (funga_valvu(1) & funga_valvu(2))

Kila fanksheni inarudisha bool. Mwandishi anataka valvu zote mbili zipewe amri, ya kwanza ishindwe isishindwe. Clang inaonya, kisha chini ya & inachora && kama sahihisho. Kijana mtiifu akilikubali, valvu ya 1 ikigoma, ya 2 haiguswi kabisa. Programu inapita bila onyo hata moja, na maji yanaendelea kumwagika.

La kuudhi zaidi, onyo hutoka pale tu pande zote mbili zinapodhaniwa kuwa na athari, na fanksheni ikiitwa kwa kawaida hudhaniwa hivyo. Yaani && inapendekezwa palepale ambapo haifanyi kazi sawa na &! Njia salama, kukast upande mmoja kuwa int, imesukumwa kwenye maelezo ya chini. Na wanaoandika kriptografia, wanaokwepa matawi makusudi ili muda usivujishe siri, nao wakast tu.

Mwaka 2021, Clang 14 ikiwa bado jikoni, Paolo Bonzini wa KVM, mfumo wa mashine pepe kwenye Linux, alikutana na onyo hili. Alieleza kwamba kodi ilikuwa sawa, ila akaibadilisha ili kompaila inyamaze. Hapo ndipo -Werror, inayogeuza onyo kuwa kosa, ilipotufikisha, na nimeipigia kelele tangu zamani: ushauri umegeuzwa amri.

Onyo jingine, -Wparentheses, linalokamata x & maski == 0, ambapo == hutangulia, ni kazi safi.

Kosa hilo la vipaumbele Dennis Ritchie, aliyeiunda C, alilikiri mwenyewe katika makala yake ya 1993 kuhusu C. Na lint, kikaguzi cha kodi za C cha Stephen Johnson, pale Bell Labs miaka ya 1970, ilikaa nje ya kompaila: ilikukaripia, ikakuachia uamuzi. Hao walijua mipaka yao.

Wenye Clang waondoe && kwenye sahihisho, int itangulie. Wewe msomaji, kwa sasa iandike hivi, na usiguse pendekezo lao:

bool a = funga_valvu(1);
bool b = funga_valvu(2);
if (a && b)