Maisha ya Tippu Tip: Tumsome, Lakini Tumhoji

Katika nchi ya Kasongo na Kabambare ni nani asiyelijua jina la Tippu Tip? Lakini waliosoma habari alizoziandika mwenyewe ni wachache. Jambo hili latusikitisha, maana kitabu chake ni cha Kiswahili, tena chasimulia nchi yetu. Sisi wa Lusangi twapenda kuwaambia kwa nini chafaa kusomwa, na ni wapi yatupasa kukihoji.

Jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, mtu wa Unguja, aliyefariki huko mwaka 1905. Mjerumani Heinrich Brode aliyachapa maneno yake Berlin mwaka 1902 na 1903. W. H. Whiteley aliyatoa tena katika Afrika ya Mashariki mwaka 1958 na 1959, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwaka 1974 Padre François Bontinck, wa shirika la Scheut, aliyatoa kwa Kifaransa na maelezo mengi. Ikiwa padre amejitaabisha hivyo kwa ajili ya kitabu hiki, mkristu asione haya kukifungua.

Faida yake ya kwanza ni kutuponya na uwongo mmoja wa zamani. Wengi wetu tuliambiwa kwamba wazungu ndio "waliovumbua" Maniema. Lakini Livingstone alipofika mwaka 1869, Cameron mwaka 1874 na Stanley mwaka 1876, walikuta njia, masoko, mitumbwi na wenyeji. Livingstone alikaa miezi mingi Kabambare akiugua vidonda vya miguu, naye aliutegemea msaada wa wafanya biashara, ingawa aliuchukia utumwa wao. Stanley naye hakushuka Lualaba mpaka alipopatana na Tippu Tip amsindikize. Kwa habari ya Stanley, malipo yalikuwa riali 5,000; kwa habari ya Tippu Tip, 7,000. Hatutaamua ugomvi wao. Twauliza tu: ni mvumbuzi gani huyu anayelipa ili apelekwe?

Neno hili la kuvumbua latuhusu sisi wakatoliki pia. Katika karne ya 15 barua za Mapapa ziliwapa wafalme wa Ureno ruhusa ya kutwaa nchi za watu na hata kuwatia utumwani. Tarehe 30 Machi 2023 Vatikano ilitangaza waziwazi kwamba mafundisho hayo ya uvumbuzi si sehemu ya mafundisho ya Kanisa Katoliki. Kukiri ni jambo jema, hata kukichelewa.

Sasa tuyaseme mabaya ya kitabu. Tippu Tip ni msimuliaji hodari. Maneno yake ni machache, hajitutumui, na kila safari yaenda mbio. Hapo ndipo penye hatari, maana msomaji hucheka kabla ya kukumbuka. Tazameni kisa cha Utetera: alisikia kwamba dada wa mtawala alichukuliwa mateka zamani, akajidai kuwa mjukuu wa mateka huyo, na mzee yule akamkabidhi nchi. Mwenyewe asimulia hila hiyo bila haya, kama mtu anayeeleza biashara iliyokwenda vizuri. Pembe za ndovu anazihesabu kwa frasila. Waliozichukua mabegani mpaka pwani hawana majina.

Basi tusome na habari nyingine kando yake. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa sokoni Nyangwe, watu wa wafanya biashara walipowapiga risasi wanawake waliokuja kuuza vyakula. Aliandika kwamba waliokufa walikadiriwa kuwa kati ya 330 na 400. Lakini naye tumhoji: karatasi zake za siku zile zilisomwa upya kwa mianga ya kitaalamu na kutolewa mwaka 2011, ikaonekana kwamba hazilingani sawasawa na kitabu kilichochapwa mwaka 1874.

Na pembe zilikwenda wapi? Zilifanywa vibao vya piano na mipira ya biliadi, Ulaya na Marekani. Mwaka 1789 Wafaransa walitangaza kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Walifuta utumwa mwaka 1794, wakaurudisha mwaka 1802, wakaufuta tena mwaka 1848. Maneno yale mazuri hayakufika Maniema, lakini pembe za Maniema zilifika kwao. Kisha serikali ya Leopold wa Pili ilikuja ikisema itaondoa utumwa. Iliwashinda Waarabu katika vita vya 1892 hadi 1894, ikatwaa Nyangwe na Kasongo mwaka 1893. Halafu yenyewe ikadai pembe na mpira kwa nguvu. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kuitumia dhambi ya Tippu Tip kuwa maji ya kumwoshea mwingine.

Limebaki neno moja, nalo ni zito. Kingwana chetu, lugha tunayosalia na kuungamia, kilitufikia kwa njia ya misafara hiyohiyo. Lugha haina kosa. Lakini yeye aliyeipokea kutoka njia ile ana deni kwa wale waliokufa njiani.

Shauri letu ni hili. Walimu na makatekista wasome kitabu hiki pamoja na wazee. Kila palipo na frasila, waulize: nani alibeba? Mzee akitaja jina la babu au bibi aliyechukuliwa, liandikwe. Na tarehe 2 Novemba, tunapowaombea marehemu wote, majina hayo yasomwe kanisani. Tippu Tip hakuyaandika. Basi tuyaandike sisi.